Siku Niliyozima Moto wa Bibi

Niliwahi kumwaga ndoo nzima ya maji kwenye moto wa bibi yangu. Sikujikwaa, sikusukumwa, wala ndoo haikuniponyoka. Niliinyanyua kwa mikono miwili, nikalenga katikati ya mafiga, nikamwaga. Nilikuwa darasa la tano. Najua watu wakisikia darasa la tano husema, aah, mtoto yule, alijua nini? Nilijua. Msinitetee, tafadhali.

Kwetu ni juu ya Lukozi, mahali ambapo mwezi wa saba ukungu unaingia ndani bila hodi na watoto wanakwenda shule wamevaa sweta mbili. Nyumba ya baba ilikuwa ya tofali na bati, kando ya njia. Chini yake, ukishuka kidogo kati ya migomba, ilikuwa nyumba ya bibi mzaa baba. Ilikuwa ya fito na udongo, chumba kimoja kikubwa: moto katikati, kitanda upande huu, mbuzi wawili upande ule nyuma ya kizuizi cha miti. Babu alipofariki nilikuwa na miaka minne. Kwetu mwanamke mzee haachwi alale peke yake, anapewa mjukuu. Nikapewa mimi. Nilikula kwa mama, nikalala kwa bibi, na hakuna aliyeniuliza kama nataka, kama ambavyo hakuna anayemuuliza mtoto kama anataka kuwa na kaka.

Moto wa bibi ulikuwa hauzimiki. Alipoolewa, mama mkwe wake alimpa kijinga cha moto kutoka jikoni kwake, akauwasha wa kwake kwa kijinga kile, na tangu siku hiyo akawa anaulea. Kabla ya kulala alifukia makaa kwenye jivu. Alfajiri aliyafukua, akapuliza mara mbili tatu, akabandika maji ya kutawadhia. Kiberiti kilikuwepo, lakini kilikuwa cha taa. Juu ya moto kulikuwa na uchaga, na juu ya uchaga mahindi ya mbegu yaliyokuwa meusi kwa masizi, hayaguswi na mdudu hata mmoja. Sijui kama nyumba zote za kijijini zilikuwa hivyo. Ya bibi ilikuwa hivyo.

Na ule moshi ulikuwa na kazi nyingine. Kwetu, ukitaka kujua kama mzee ameamka salama, huendi kumgongea mlango. Unatazama paa lake. Moshi ukitoka, unaendelea na shughuli zako. Ng'ambo ya bonde walikuwepo wanawake ambao hawakunywa chai kabla ya kutazama paa la bibi, na yeye naye aliyatazama ya kwao. "Yule leo amechelewa," angesema amesimama mlangoni na kanga begani, na asingetulia mpaka aone moshi. Ukitoka, angecheka: "Kumbe mvivu tu!"

Nilipenda kulala pale. Nalisema hili kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Sikuwa mtoto wa mateso. Mgongo wangu ulipata joto la bibi, miguu yangu ikapata joto la makaa, na mbuzi wakicheua nilikuwa nalala kabla sijahesabu hadi kumi.

Basi, mwalimu wetu wa Maarifa ya Jamii alikuwa na urafiki na shule moja ya Ujerumani. Mwaka ule tukapokea bahasha kubwa. Ndani mlikuwa na barua za watoto wa kule, kila mmoja ameeleza nyumbani kwao na siku yake inavyokwenda, na kila mmoja wetu akapewa rafiki mmoja wa kumjibu. Ilikuwemo pia picha kubwa ya watoto wa nchi mbalimbali na mahali wanapolala. Mwalimu akaibandika ubaoni, tukasongamana mbele.

Mtoto wa Japani alikuwa anakunja godoro lake asubuhi na kulitia kabatini, chumba kinabaki kitupu kama darasa siku ya Jumamosi. Mtoto mwingine nyumba yao ilisimama juu ya nguzo, chini maji, na mtumbwi umefungwa mlangoni kama mbuzi. Na mtoto wa Mongolia aliishi kwenye hema la mviringo la sufu ya kondoo. Jiko lilikuwa katikati, na baba, mama, bibi na watoto wote walilala wakilizunguka. Mwalimu akasema, "Mnaona? Kila watu wana namna yao ya kuishi."

Msichana mmoja wa dawati la mbele, bingwa wa vichekesho, akanyoosha kidole kwenye lile hema. "Mwalimu! Hawa si kama kwa bibi yake huyu!" Akanigeuzia kidole mimi. "Moto katikati! Wamekosa mbuzi tu!"

Darasa likaangua kicheko. Nusu ya waliocheka walinuka moshi kama mimi, na yeye mwenyewe mama yake alipikia kuni. Ningeweza kucheka nao, mambo yakaishia hapo. Ningeweza kusema, ndiyo, na ninyi mnakufa kwa baridi. Sikusema. Masikio yaliniwaka moto, nikatazama vidole vya miguu yangu, na nadhani kuanzia dakika ile nilianza kumwonea bibi yangu haya.

Rafiki yangu mimi alikuwa msichana wa miaka kumi. Alituma picha ya chumba chake, chumba cha peke yake, chenye mlango. Kulikuwa na kitanda chini ya dirisha, na ukuta wa rangi ya samawati. Pembeni, kwenye kijumba cha waya, palikuwa na sungura. Jamani, mnyama ndani ya nyumba, analala na mtoto! Lakini sungura wake niliona ni ustaarabu, mbuzi wa bibi nikaona ni aibu. Ndivyo nilivyokuwa. Aliandika kwamba mama yake humsomea hadithi, kisha huzima taa na kufunga mlango. Aliandika pia kwamba bibi yake anaishi kwenye nyumba ya wazee, na wao humtembelea kila Jumapili.

Nikamjibu. Nilisema nami nina chumba changu, chenye dirisha la kioo. Nilichora kitanda, nikachora na mlango, tena na kitasa. Nilisema mama yangu hunisomea hadithi, mama ambaye jioni alikuwa hajui hata ameketi au amesimama kwa uchovu. Halafu nikaandika: "Bibi yangu anaishi kwenye nyumba yake. Tunamtembelea Jumapili."

Mwalimu ndiye aliyekuwa akizitafsiri barua zetu. Alisoma yangu mpaka mwisho, akanitazama juu ya miwani. Alijua ninakolala, kila mtu alijua.

"Hivi ndivyo ilivyo?" akauliza.

"Ndiyo, mwalimu."

Akaitia kwenye bahasha. Nadhani alitaka kunistahi. Laiti angenichapa.

Mwaka uliofuata ulipofika mwezi wa saba, ambao kwao ni likizo na kwetu ni baridi, tukaambiwa wageni wanakuja: walimu wawili, na baadhi ya watoto pamoja na wazazi wao. Msichana wangu alikuwemo, na mama yake. Kila mgeni angekwenda kuona kwa rafiki yake. Wenzangu walirukaruka. Mimi tumbo liliniuma siku tatu, na mama akanipa dawa ya minyoo.

Niliona njia moja tu. Wageni wangeingia nyumba ya baba na kuishia hapo hapo. Nikawahamisha kaka zangu wawili kutoka chumbani kwao, nikatoa mashati yao, nikatundika kalenda ukutani na kutandika shuka la maua. Mama aliyekuwa akifua vitambaa vya viti akauliza, "Mbona unavuruga chumba cha wenzio?"

"Mwalimu amesema."

Uongo nao ukishaanza hauna breki. Mama aliufurahia ugeni ule kuliko mtu yeyote. Alisugua sakafu ya saruji mpaka ikateleza, akaazima vikombe kwa jirani, akapika chapati asubuhi na mapema.

Bibi naye alifurahi. Asubuhi ile aliwahi kwenda kukata majani ya mbuzi ili arudi mapema aje kumwona mgeni. Kabla ya kuondoka alichagua viazi vidogo vya mviringo, sita, akavipanga kando ya mafiga. "Mgeni wako nitamchomea viazi jivuni," akaniambia. "Huko kwao sidhani kama wanavipata." Akachukua mundu na kamba, akapandisha njia ya msituni.

Mimi nikapanda nyumbani kwa mama, nikasimama uani, nikatazama chini. Moshi ulikuwa unatoka kwenye paa la bibi, mweupe, mnene, kwa sababu alikuwa ameongeza gogo ili makaa ya viazi yawe mazuri. Na upepo ulikuwa unauleta moja kwa moja kwenye dirisha la sebule. Nikaona yote yatakavyokuwa: mgeni atakohoa, atauliza moshi unatoka wapi, atashuka, ataona mbuzi, ataona kitanda kimoja chenye blanketi langu juu yake. Kule shuleni kwao wangeweka picha yangu ubaoni na kucheka.

Nikachukua ndoo ya bluu ya mama, imejaa maji, nikateremka nayo.

Sauti ya ule moto sijaisahau. Uliguna, kisha ukapiga mluzi, na jivu likaruka mpaka kwenye uchaga. Mbuzi waliruka wakagonga ukuta. Mvuke ulipopungua niliona viazi vimetawanyika kwenye tope jeusi, na makaa mawili ya pembeni bado mekundu, nikayamalizia kwa maji yaliyobaki. Nikawatoa mbuzi, nikawafunga mbali migombani. Nikarudisha mlango. Nilijiambia, jioni bibi atachukua moto kwa mama, shida iko wapi? Nikasikia gari linapandisha, nikakimbia, na ndoo nikaisahau mlangoni pale.

Wageni walikuwa wamefundishwa kuamkia. Yule msichana alimwambia baba shikamoo, akamwambia mama shikamoo, akaniambia mimi shikamoo, akamwambia na mtoto wa jirani aliyekuwa hata kutembea hajajua vizuri. Tulicheka, naye akacheka, na kwa muda mfupi nilikuwa na furaha ya kweli. Nilimwonyesha "chumba changu". Alikitazama kwa adabu, akagusa kalenda. Tukakaa sebuleni, mwalimu akitafsiri, mama akimimina chai. Dirishani hewa ilikuwa safi kabisa.

Chai haijafika nusu ya kikombe, tukasikia mwanamke anapiga kelele njiani. Alikuwa jirani wa ng'ambo ya bonde. Alikuwa amekuja mbio, kanga kajifunga kiunoni, miguu imejaa tope mpaka magotini. Nyuma yake walikuwepo wengine watatu.

"Jamani, mama yenu! Hakuna moshi! Tangu saa mbili hakuna moshi kwa mama yenu!"

Baba alisimama, kikombe kikaanguka. Mama aliacha birika. Wote wakateremka mbio migombani, na wageni nyuma yao, bila kujua wanakimbilia nini. Mimi nilikuwa nakimbia katikati yao. Kati ya watu wote wale ni mimi peke yangu niliyejua kwamba bibi hajafa, kwamba yuko msituni anakata majani. Nilimwona baba yangu anateleza na kuinuka huku anaita, "Mama! Mama!" kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Na sikufungua mdomo.

Wakausukuma mlango. Ndani kulikuwa giza na baridi, na harufu ya jivu lililolowa. Kitanda kilikuwa kitupu, mbuzi hawapo. Mwanamke mmoja akashika kichwa, akaanza, "Inna lillahi..." na wengine wakaangua kilio.

Hapo ndipo bibi akatokea kati ya migomba, mzigo wa majani kichwani, mundu mkononi.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Wewe," akasema yule jirani.

"Mimi? Basi ngojeni nitue mzigo."

Watu wakacheka huku wanalia. Walimshikashika mabega kama wanampima. Wageni walicheka pia, bila kuelewa. Bibi akatua majani, akajipangusa, akaingia ndani, nasi tukajaa mlangoni.

Alisimama mbele ya mafiga yake. Akachuchumaa, akatia mkono kwenye lile tope, akatoa kiazi kimoja, akakipangusa kwa kidole gumba. Kisha akageuza shingo akanitazama. Mara moja tu. Mimi nilikuwa naitafuta ndoo kwa macho. Sikuiona mlangoni, nikamshukuru Mungu, eti ameniokoa.

"Mama, nani kazima moto?" baba akauliza. Sasa hofu imemtoka, hasira inamwingia. "Nani kafanya huu upuuzi?"

"Mimi," bibi akasema.

"Wewe?"

"Moshi unaniumiza macho. Nikaumwagia maji."

Wanawake wakatazamana. Yule msichana wa Ujerumani, maskini, alitaka kusema jambo la upole. Alimwambia mama yake, mama yake akamwambia mwalimu, na mwalimu, ambaye angeweza kunyamaza, akatafsiri kwa sauti huku ananitazama mimi.

"Mgeni anauliza, huyu ndiye yule bibi mnayemtembelea Jumapili?"

Bibi alisikia. Blanketi langu lilikuwa pale kitandani, sare yangu ya shule imetundikwa kwenye msumari. "Jumapili," akarudia taratibu, kama anayeonja chumvi. Halafu akamgeukia mgeni, akatabasamu. "Ndiyo. Mwambie, huja. Hakosi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka. Tukapanda juu tukamaliza chapati.

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Kwanza nami nilidhani hivyo. Lakini kwetu mzee hauzimi moto wake mwenyewe mwezi wa saba, akiwa na akili zake. Kabla ya jioni habari ilikuwa imezunguka bonde zima: mama yule sasa amechoka akili. Leo kazima moto, kesho atachoma nyumba. Ijumaa baada ya swala, baba na baba zangu wadogo wawili wakakaa kikao. Wakaamua bibi asikae tena kule chini. Ahamie kwa baba, apewe chumba cha watoto wa kiume, wao walale sebuleni.

Bibi alisema neno moja. "Nyumba yangu haina ubaya."

"Mama," baba akajibu kwa upole, "umeuzima moto mwenyewe. Mbele ya watu umesema."

Mimi nilikuwa nawanawisha mikono ili wale. Nilikuwa nimeshika birika na beseni, nimesimama hatua mbili tu kutoka kwa bibi. Neno moja langu lingetosha. Ni mimi, baba. Ningepigwa, ndiyo, ningepigwa vizuri sana, na bibi angerudi kwake siku ile ile. Nikamnawisha baba. Nikamnawisha bibi. Maji yalitiririka kwenye vidole vyake, na bado kucha zilikuwa na weusi wa lile jivu.

Kwa hiyo nikakipata chumba changu. Chenye mlango, chenye dirisha la kioo, kitanda na shuka la maua. Nililala na bibi mle, maana mjukuu ni mjukuu. Sakafu ya saruji ilikuwa ya baridi kama mawe ya mtoni. Alfajiri alitawadha kwa maji ya baridi kwa sababu hakutaka kumwamsha mama. Jioni alikuwa anaketi ukingoni mwa kitanda, ananyoosha viganja mbele yake kuota moto ambao haupo, kisha anakumbuka, anavirudisha mapajani. Mbuzi walipelekwa kwa baba mdogo. Mahindi ya uchagani yakaingia wadudu msimu ule ule. Mvua za mwaka wa pili ukuta wa nyuma ukalala chini, na hakuna aliyeusimamisha.

Alikuwa na jambo moja jipya. Kila jioni, kabla hatujalala, aliniuliza, "Una neno?"

Nilidhani anataka habari za shule. Mwanzoni nilisema, "Sina, bibi." Baadaye, nikaona ni uchoyo, nikawa namsimulia: leo tulikuwa na mtihani wa hesabu, leo mwalimu mkuu kafoka, leo fulani kaanguka mpirani. Alisikiliza mpaka mwisho. "Haya," angesema, akageukia ukuta.

Barua ya yule msichana ilikuja kabla ya Ramadhani. Hakuchora chumba changu hata kidogo. Alichora nyumba ya bibi, mafiga matatu, na watu wamejaa mlangoni, wengi mpaka wengine amewachora juu ya paa. Aliandika kwamba kule kwenye nyumba ya wazee, bibi yake hubonyeza kitufe kila asubuhi, ili watu wajue ameamka. Asipokibonyeza, wanakuja mbio. "Kwenu mnatumia moshi," aliandika. "Nimemweleza bibi yangu, amefurahi sana." Mwalimu aliisoma mbele ya darasa lote. Nikaomba ruhusa, nikaenda chooni, nikakaa huko mpaka kengele.

Bibi aliishi katika chumba kile miaka mitano. Alipofariki nilikuwa bweni, sekondari. Nilifika Lukozi saa sita mchana, tukazika alasiri.

Siku hizi naishi Lushoto mjini. Binti yangu ana miaka tisa na ana chumba chake, ukuta ameuchagua rangi mwenyewe, na akikasirika anafunga mlango. Baba hayupo tena. Mama yuko kule kule juu, peke yake, hakuna mjukuu wa kumpa maana wote wanasoma mbali. Anapikia gesi, kwa hiyo hata moshi hakuna. Tumekubaliana ananibipu kila asubuhi. Simu inaita mara moja, inakata, najua ameamka.

Mwezi uliopita hakubipu. Nilipiga, haipatikani. Nilimpigia jirani naye hakupokea. Nikawaita kaka zangu, tukapanda juu kwa pikipiki mbili, mvua ya manyunyu inatupiga usoni. Tulimkuta kwenye kabichi zake, ameinama anapalilia. Simu ilikuwa imeisha chaji. Anachaji kwa sola, na jua halikuonekana kwa siku tatu.

Kaka zangu walikuwa wameogopa, na mtu aliyeogopa hutaka kuamua jambo. Wakakaa sebuleni pale pale. Mama amezeeka, wakasema, anasahau mpaka simu. Ahamie Lushoto kwa dada, chumba kipo. Nami nilikuwa nimeshafikiri kumhamisha binti yangu, nilikuwa nimeshapanga kitanda kikae wapi. Mdomo wangu ulikuwa wazi kusema sawa.

"Nyumba yangu haina ubaya," mama akasema.

Sijui kama aliyakusudia maneno yale. Mimi nilisimama kama niliyechomwa. "Hajasahau kitu," nikasema. "Jua halikutoka, basi! Mama ana akili zake. Na bibi alikuwa na akili zake. Moto ule niliuzima mimi."

Kaka zangu wakanitazama. "Moto gani?" mdogo akauliza.

Hawakukumbuka. Hilo limekaa nami miaka yote hii, na wao wanauliza moto gani. Nikaanza kueleza, mkubwa akaniambia, sawa dada, sawa, hayo ya zamani. Wakaamua kumletea mama betri nyingine ya sola, wakatoka kutazama pikipiki.

Tukabaki wawili. Mama alikuwa na ungo wa maharage mapajani, anayamenya kwenye maganda.

"Ndoo ilikuwa yangu," akasema bila kuinua uso.

"Mama?"

"Ndoo ya bluu. Niliikuta mlangoni kwa bibi yako, nikaitupa migombani kabla baba yako hajaiona. Nilijua ni wewe."

"Sasa mbona hukusema?"

"Jioni ile nilimfuata bibi yako. Nikamwambia nitakuleta kwa sikio, useme mbele ya baba yako. Akanikataza. Akasema, mwache, atasema mwenyewe. Akasema, nitakuwa namuuliza." Akapuliza maganda, akaendelea kumenya. Halafu akanitazama. "Alikuuliza?"

Nikamwambia ndiyo, aliniuliza kila jioni. Sikumwambia nilikuwa namjibu nini.